Nyumba Namba Tatu

Tingatinga lilipoanza kunguruma kule kwenye kona, Mtaalamu alivuta kiti hadi barazani ili asipitwe na kitu.

Nyumba ya tatu kutoka barabara kuu, jirani kabisa na yake iliyokuwa ya nne, ilikuwa inavunjwa asubuhi hiyo kupisha bomba la maji. Mwenye nyumba ni shemeji yake, mume wa dada yake, na yeye na Mtaalamu wote waliandika programu za kompyuta pale manispaa. Mtaalamu alimdharau shemeji huyo kwa moyo wake wote.

Magodoro yalikuwa yameshatolewa nje. Dada mtu alikuwa amekalia moja, analia.

"Kaka, tingatinga si linaongozwa na kompyuta yako? Hukuweza kutusaidia?"

"Nipendelee ndugu?" Mtaalamu alisonya. "Nyumba yenu niliikuta namba tatu, nikaiacha tatu. Sikugusa namba hata moja."

Shemeji aligeuka ghafla. "Umehamishia programu yangu kwenye lugha yako ya kompyuta, namba zikabaki vilevile?"

"Programu! Lile dude?" Haya Mtaalamu alitamani kuyasema mbele ya dada yake tangu siku ya harusi. "Lugha yako ni jedwali tu. Orodha, jedwali. Kamusi, jedwali. Seti, jedwali hilohilo. Kama mtu asiye na kabati, sufuria na viatu vyote kitandani! Halafu inahesabu kuanzia moja, kama mtoto wa chekechea. Lugha za watu wazima kila kitu kina mahali pake, na hesabu inaanza na sifuri."

"Sasa shemeji, hapohapo ndipo ninapotaka kukuele..."

"Huna la kunifundisha. Beba godoro lako."

Shemeji akajitwika godoro, akaingia nalo ndani.

"Maji yamezidi unga!" Mtaalamu aliangua kicheko. "Analirudisha ndani!"

Tingatinga likaingia mtaani taratibu kutoka barabara kuu. Dereva alikuwa ameinamia simu ya kazi, na kila alipopita geti alihesabu kwa sauti, kama programu mpya ilivyomwelekeza.

"Sifuri... moja... mbili..."

Akasimama mbele ya baraza, akainua kichwa.

"Tatu. Mzee, samahani, ondoa kiti."