Nyumba Aliyoichagua Mama Mkwe

Mama mkwe aligonga ukuta wa chumba cha kulala kwa vifundo vya vidole, akatega sikio, kisha akasema nyumba haifai.

"Haifai kwa lipi tena, mama?" dalali aliuliza. Hii ilikuwa ya nne tangu asubuhi, na shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Ukuta mnene hivi, joto litawaua."

Bibi harusi mtarajiwa aliuma midomo asije akaropoka. Nyumba ilikuwa mwisho wa barabara isiyopita magari, ina geti na uzio mrefu, na jirani wa karibu ungemtembelea kwa safari. Alikuwa amesimama sebuleni dakika nzima bila kusikia chochote, hata jogoo. Nusura alie kwa furaha.

Kazi yake ilikuwa kupokea simu za wateja wa idara ya maji. Kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jioni, watu waliokatiwa maji walimtukana masikioni, utadhani bomba amelifunga yeye kwa mkono wake. Akirudi kwenye chumba alichopanga, upande mmoja baa, upande wa pili fundi redio. Miaka sita hiyo. Ukiacha mume mwenyewe, kitu kimoja tu alichokitaka kwenye ndoa hii ni kimya.

Na mume alikubali bila ubishi. Alikuwa mpima ardhi, na wenzake kazini walimwita Mpole kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. "Nataka mke wangu atulie," alimwambia dalali tangu siku ya kwanza. "Nitafutie mahali pasipo na watu watu."

Tatizo lilikuwa mama yake. Alishatangaza kwamba wakichukua nyumba asiyoipenda, harusini haonekani. Ya kwanza aliikataa kwa sababu ya uzio. Ya pili, eti miti inaleta giza. Ya tatu, akasema mlinzi ana sura ya usingizi. Mtu mzima, jua limewaka kama nini, kajifunika blauzi ya mikono mirefu mpaka kwenye vidole, anapita akikagua vyumba vya watu kana kwamba anayeolewa ni yeye! Na kilichomuuma zaidi binti ni kwamba mama huyu, yeye na mwanawe, walikuwa wakiishi mtaa ambao jani likianguka unalisikia. Utulivu anao, ila mwenzake asiupate. Kama hiyo si roho mbaya, basi roho mbaya haipo duniani.

Nyumba ya tano ilikuwa ghorofani, juu ya karakana ya seremala. Ngazi moja, milango minane, nguo zimeanikwa kwenye varanda nzima, na msumeno unalia chini. Walipoingia, Mpole akiwa wa mwisho, mtu alipiga chafya upande wa pili wa ukuta.

"Afya!" mama mkwe aliita.

"Ahsante!" ukuta ukajibu.

Mama mkwe akacheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Hii hapa," alisema. "Hii ndiyo."

Damu ilimchemka binti. "Mama, hapa nitalala vipi? Mtu akijigeuza kitandani jengo zima linajua!"

"Ndiyo. Nimeona."

"Kwani anayeolewa ni mimi au ni wewe?"

"Ni wewe. Ndiyo maana naichagua mimi."

Dalali akajifanya anasoma simu yake. Mpole alimshika mchumba wake kifundo cha mkono, akatabasamu. "Usimjibu mama hivyo. Mimi na wewe tutaongea." Kisha akamgeukia mama yake. "Na wewe, mama, tutaongea nyumbani."

Aliyasema kwa sauti ya chini, kama kawaida yake. Mama mkwe aliinamisha macho sakafuni papo hapo. Binti akafarijika kuona kwamba angalau yupo mtu anayemweza.

Lakini mama hakubadili neno lake, na Mpole hakutaka kuvutana naye mbele ya dalali. Wanaume wakatangulia chini kumwona mwenye nyumba. Binti aliwafuata mpaka katikati ya ngazi, akasimama. Asipoitema hasira yake leo, alijiambia, ataingia nayo kwenye ndoa. Atamwambia mama huyu ana kwa ana kwamba hampendi, kwamba kwake hatakanyaga, na kwamba akija kuwatembelea atapokewa na mlango uliofungwa. Akapanda tena, ngazi mbili mbili, maneno yamemjaa mdomoni.

Alimkuta mama mkwe amempa mgongo, amesimama kwenye mlango wa jirani. Jirani alikuwa mshonaji, yuko nyuma ya cherehani yake, pini zimebanwa kwenye midomo. Mama mkwe alikuwa ameushika mkono wake kwa mikono yote miwili, na walikuwa hawajafahamiana hata robo saa.

"Nakuomba, dada yangu," alikuwa akisema. "Ukimsikia mkwe wangu analia humo ndani, usiseme ni mambo ya mtu na mkewe. Piga kelele, mwite na seremala, vunjeni mlango."

Mshonaji alitoa pini mdomoni. "Kwani kuna nini, mama?"

"Kwetu ni mtaa mtulivu sana. Mwanangu ananipiga mwaka wa tatu huu, na hakuna jirani hata mmoja aliyewahi kusikia."