Mrija Uliozibwa

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikwisha kushika usukani wa pikipiki kuukuu aliyoachiwa Mzee Mshamu na marehemu mkewe. Mzee alikuwa ndani, asione ikichukuliwa.

"Hebu iache kwanza," fundi Somoe alimwambia mnunuzi. "Ina kabureta mbili za kuchanganya petroli na hewa, na mrija huu unaziunganisha. Kabureta nzima inaificha mbovu; nikiuziba mrija, kila moja itajionyesha."

Alikata kipande cha mpira, akaziba mrija, akapiga kiki. Akageuza skrubu ya kabureta ya kushoto taratibu. Injini ilikohoa, ikatulia, ikanguruma bila kuzimika.

Mnunuzi aliachia usukani.

Mzee Mshamu alitoka mbio, peku, akicheka na kufuta machozi. Kisha akaiona kandambili yake aliyoiacha mlangoni haina kisigino.

"Somoe! Umeikata?"

"Nimeikata, babu. Na radhi siombi."