Shikamoo Iliyokwama

Siku hizo barua pepe za ukoo zilikuwa haziingii nyumbani kimyakimya. Kila asubuhi mashine ilituma shikamoo ya kila mdogo kwa wakubwa wake, na kisanduku cha ukutani kilitangaza kilichofika na kilichokwama.

Bi Kibibi alikuwa akikanda unga wa chapati.

"Shikamoo sita zimeingia," kisanduku kikasema. "Moja imekwama."

"Ya nani tena hiyo?"

"Ya mjukuu wako, mtoto wa Salha. Hitilafu: mtumaji bado hajazaliwa."

Donge la unga likamponyoka. Akapiga vigelegele hadi majirani wakaitikia bila kujua wanashangilia nini. Dua zote zile alizomwombea bintiye, leo Mungu kazijibu!

"Marahaba, mjukuu wangu! Marahaba, uje salama!"

"Hitilafu imeondoka. Barua zote zimeingia."

Akampigia Salha kazini, viganja bado vimejaa unga.

"Hongera, mwanangu! Hata mimi mama yako wa kunificha?"

"Nimekuficha nini, mama?"

"Mimba!"

Salha akacheka kicheko cha mtu anayelia kwa furaha. "Mama, nani kakwambia? Mimi mwenyewe ndiyo kwanza nasikia kwako."

Bi Kibibi akageuka taratibu kukitazama kisanduku. Katika ukoo wao, jina la mjukuu wa kwanza huchaguliwa na bibi.

"Jina la mtoto limeingia," kikasema kwa uchangamfu. "Nilisome?"

Akakiziba mdomo kwa kiganja cha unga, huku bado anatabasamu.