Birika la Glenys

Usijifiche nyuma ya pazia, nimekuona. Umemwona dalali wa mahakama mlangoni kwa jirani yako Glenys, ukapunguza sauti ya televisheni ili usikie vizuri.

"Fungua basi, mama. Mvua hii hata mbwa hafukuzwi."

"Najua, mwanangu. Nisamehe."

Anamwomba msamaha mtu aliyekuja kumbebea viti! Ndivyo tulivyolelewa hapa Grimsby, Uingereza: mgeni akilowa mlangoni kwako, kosa ni lako. Na kwa kuwa anadaiwa kodi ya halmashauri, Glenys anajiona mwizi.

Jumanne, pale maktaba, mshauri wa madeni alimwambia bila kumtoza hata peni: "Usimfungulie, mama. Mara ya kwanza haruhusiwi kuvunja mlango. Ukimkaribisha tu, ataorodhesha vitu vyako, na akirudi ataingia kwa nguvu. Niachie mimi, nitaongea na halmashauri ulipe kidogo kidogo."

Glenys aliitikia. Lakini sasa birika linapiga mluzi jikoni, na dalali amelisikia.

"Kikombe kimoja tu, mama, halafu naenda zangu."

Mkono wa Glenys umeshika komeo. Vidole vimevimba viungo kwa miaka ya kukata samaki kiwandani.

"Naona aibu," anasema. "Unaweka sukari ngapi?"

Komeo linakwaruza.

Toka! Usitafute viatu. Vuka barabara, piga kelele asikie: "Glenys, usifungue!" Sasa hivi, komeo halijafika mwisho.