Kura ya Programu

Kwa miaka minne Tabu aliandika programu moja tu: ile inayoamka ya kwanza kompyuta inayotumia mfumo wa Linux inapowashwa na kuziamsha nyingine zote. Asubuhi hiyo wenzao katika kikundi cha waandishi wa programu walipiga kura kuitumia ya kwake na kuiacha ile ya zamani, iliyoandikwa na kaka yake, Shangwe.

Adhuhuri Shangwe aliingia chumbani kwa Tabu na nyundo.

"Kaka, weka chini hiyo."

"Mimi ndiye niliyekufundisha kazi hii! Leo unanifuta mbele za watu?"

"Sijakufuta. Yako itabaki, anayeitaka ataichagua."

"Hakuna atakayeichagua, nawe unajua!"

Nyundo ikashuka kwenye kompyuta. Tabu akatandaza mkono kuikinga, na vidole viwili vikavunjika kama vijiti vikavu. Hakulia. Alimrukia kaka yake, akamng'ata bega mpaka akaonja damu, wakaanguka pamoja wakikokota nyaya.

Hapo ndipo Shangwe alipoviona vidole vya mdogo wake. Nyundo ikamponyoka. Alivua shati, akalichana kwa meno, akaanza kumfunga mkono huku machozi yakimtiririka.

Tabu alimwacha afunge. Lakini goti lake lilikuwa limeikandamiza nyundo sakafuni, na halikuondoka.