Sikio la Bi Saumu

Kila Shomari alipompigia mama yake simu ya video kutoka ughaibuni, aliliona sikio. Bi Saumu aliibana simu shavuni kama alivyozoea, akaongea kwa sauti ya juu, na mwanawe akamsikiliza huku akiitazama hereni.

Siku moja Tunu, dada yake Shomari, alikuja kumfundisha mama yao kuitumia simu hiyo. Walianza asubuhi, chai ikapoa mezani.

"Usibonyeze kwa nguvu, mama. Gusa tu."

"Si nimegusa! Mbona imenirudisha kulekule?"

Tunu akashusha pumzi, kisha akaiegemeza simu kwenye bakuli la sukari. "Basi usiishike kabisa. Itazame tu."

Simu ikaita, Tunu akaipokea. Uso wa Shomari ukajaa kwenye kioo. Bi Saumu akamkodolea macho. Kijana ambaye yeye alimsindikiza stendi siku ya safari, akiwa hana hata ndevu, sasa alikuwa na mvi kidevuni.

"Mama," Shomari akasema, "umekonda."

"Na wewe umezeeka, baba. Nani anakupikia huko?"

Shomari alitaka kucheka, lakini machozi yakamtoka. Bi Saumu akanyoosha mkono amfute. Kidole kikateleza kutoka shavuni mpaka kwenye alama nyekundu, na simu ikakatika.



Simu ilipoita tena, Bi Saumu hakuipokea mara moja. Alijitanda kanga yake vizuri, akasogeza kiti karibu na meza.