Kompyuta ya Marehemu Nathanieli

"Usibonyeze!" Joanitha aliichomoa flashi kabla kidole cha mzee hakijafika.

Nusura. Skrini ilikuwa imeanza kuuliza kama isimike mfumo upya, na kusimika upya kungefuta kila kilichokuwemo. Mzee Rutaihwa alirudisha mkono mfukoni taratibu. Hakuomba radhi.

"Waitu, Ta Rutaihwa, tungemfuta Nathanieli mzima."

"Basi endelea wewe, mwanangu. Mimi natazama tu."

Mzee alikuwa amepanda basi asubuhi kutoka Muleba hadi kwenye duka la ufundi la Joanitha, hapa Miembeni, akiwa na laptop ya Nathanieli, mtoto wa marehemu kaka yake. Nathanieli alikufa maji. Nguo zake zilikutwa ufukweni upande wa Kemondo, zimekunjwa vizuri juu ya jiwe. Laptop yenyewe ilikuwa nzima. Kilichogoma ni kompyuta ya pili aliyoisimika humo ndani kwa kutumia ile flashi, kompyuta isiyoshikika, inayofunguka ndani ya mwenzake kama dirisha. Mafundi wa sokoni waliipapasa wee, wakachemka.

"Wakaniambia nije kwako," alisema mzee. "Eti yeye ndiye aliyekufundisha."

Ni kweli alimfundisha, na Joanitha akampenda, tena sana. Siku ya mazishi alikuwa Mwanza masomoni. Tangu hapo moyo wake uligoma kukubali, na kila akiona mtu mrefu aliyevaa kofia ya bluu mtaani, humfuata mpaka amwone uso.

"Unatafuta nini humo, baba?"

"Picha. Kesho ukoo unakaa, tunamaliza matanga na kumtaja mrithi wa kibanja, shamba la ukoo. Kaka yangu alikuwa na huyo mmoja tu. Sasa kibanja kimeniangukia mimi."

Joanitha akamhurumia. Aliiwasha tena ile kompyuta ya ndani, safari hii bila flashi. Dirisha likawa jeusi, na katikati yakatokea maneno meupe: hakuna cha kuwashia.

Akafungua mipangilio. Kumbe ilikuwa imeagizwa itafute flashi kwanza, na diski yake yenyewe ilikuwa imeondolewa kabisa kwenye foleni. Akairudisha diski mbele. Akawasha. Weusi uleule.

"Ajabu," alinong'ona. "Hii si hitilafu. Ni kama mtu ameifunga kwa makusudi."

Mzee alisogeza stuli karibu. "Mbwenu, sasa, ikifunguka, yeye atajua?"

"Yeye nani?"

"Nathanieli."

Mvua ilianza kupiga bati. Joanitha alimtazama usoni, akaona macho mekundu ya mtu asiyelala. Wazee wakifiwa husema mambo, akajiambia, akarudi kwenye skrini.

Ndipo alipokumbuka. Kompyuta kama hizi zina njia mbili za kuamka, ya zamani na mpya. Ukiisimika kwa njia mpya kisha ukaiamsha kwa ya zamani, haioni hata diski iliyo mbele ya pua yake. Nathanieli alimwonyesha hilo siku moja huku akicheka: unaondoa alama ya vema kwenye kisanduku kimoja tu, na fundi mzima anatoa jasho kutwa nzima. Joanitha akakitafuta kisanduku. Kilikuwa kitupu. Akakiwekea vema.

Kompyuta ya ndani ikaamka. Haikudai hata neno la siri. Ikajiunga na intaneti ya duka, na picha zikaanza kushuka moja moja, zile ambazo simu ya Nathanieli ilikuwa ikizipeleka zenyewe kwenye akaunti yake. Nathanieli na kofia yake. Nathanieli akila senene, mashavu yamevimba. Joanitha alicheka huku machozi yakimtoka.

Picha hazikukoma. Ikaja ya Nathanieli mwenye ndevu, na Nathanieli hakuwahi kufuga ndevu. Amekonda, amesimama katikati ya miche ya kahawa, na nyuma yake kuna kibao. Joanitha akaangalia tarehe. Ilipigwa juzi.

"Yu hai!" Alimshika mzee mabega akamtikisa, adabu zote zimemruka. "Ta Rutaihwa, yu hai! Sasa ninyi kule mlizika nini?"

"Mgomba," alisema mzee. "Ziwa likikataa kumrudisha mtu, tunazika mgomba mahali pake ili watu wapumzike." Alikuwa ameinama hadi pua yake karibu iguse kioo. "Hicho kibao kimeandikwaje? Macho yangu hayafiki."

Joanitha akaikuza picha, akamsomea kila neno kwa furaha. Bustani ya miche, Maruku. Hapo tu, bodaboda haichukui muda. Akanyakua simu atafute namba, mzee akaufunika mkono wake kwa kiganja kizito.

"Usimwambie, mwanangu. Atatuonea haya, atakimbia tena. Niache nifike mwenyewe."

Joanitha akakubali. Angekataaje? Mzee alishukuru kwa Kihaya, wakola muno, akakumbatia laptop na flashi, akatoka kwenye mvua bila kuangalia nyuma. Joanitha alibaki amejishika kifua, akimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akauona mwavuli wa mzee ukutani, akautwaa na kumkimbilia.

Alimkuta kwenye kibaraza cha duka la jirani, amempa mgongo, simu sikioni, bodaboda imeshawashwa inamsubiri.

"Mgomba utoeni leo hii," alikuwa akisema kwa Kihaya. "Ila kaburi msilifukie."